Darasa la nyumbani hapa Tanga: siku yetu ilivyo, kuanzia asubuhi mpaka maktaba

MamaWatatu (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Kuna dada aliniuliza kwenye uzi mwingine jinsi tunavyowasomesha watoto nyumbani, nikamwahidi kuandika kwa kirefu. Leo umeme umekatika, cherehani imelala, nimepata nafasi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Niko Mikanjuni, Tanga mjini. Ni fundi cherehani, kazi naifanyia barazani hapa hapa nyumbani. Mume wangu anafanya kazi za zamu upande wa Pongwe. Tuna watoto watatu: mkubwa msichana wa miaka 11, wa kati mvulana wa miaka 9, na kitindamimba ana miaka 5. Tunaishi na mama mkwe wangu, Bibi yao.

Wa kati ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao (sickle cell). Wenye watoto wa aina hii hawahitaji maelezo. Mwaka jana alikosa shule wiki nyingi sana: mara maumivu ya mifupa, mara homa, mara damu imeshuka tunalazwa. Akirudi darasani anakuta wenzake wako mbali, anakaa kimya nyuma. Siku moja alikuja na daftari lenye kurasa tatu zimejaa, mwandiko safi kabisa. Nikamwambia, haya nisomee. Akashindwa. Alikuwa ananakili ubao kama mtu anayechora ua. Herufi zote zipo, hajui zinasema nini. Mtoto wa darasa la tatu! Sikumlaumu mwalimu, maana najua wako wangapi mle ndani. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu na karatasi za kliniki. Tukakubaliana mtoto abaki ameandikishwa pale pale. Akiwa mzima anakwenda. Akiwa dhaifu anasoma nyumbani, na kila Ijumaa napeleka daftari lake likaguliwe. Likizo ikifika, wote watatu wanaingia darasa la barazani. Nasema mapema ili tusielewane vibaya: sijamtoa mtoto shule.

Mwanzo nilikosea. Niliandika ratiba kama ya shule, vipindi vinane, nikabandika ukutani. Wiki ya pili mkubwa analia, mdogo anatoroka kwa jirani, na wa kati akaamka na maumivu ya miguu kwa kukalishwa. Nikaibandua. Sasa tunasoma saa mbili asubuhi mpaka saa tano, basi. Kusoma kwanza, kuandika kidogo, hesabu mwisho. Kabla ya yote kila mtu anajaza chupa yake ya maji, na ya wa kati lazima iishe kabla ya saa tano kwa sababu maji kwake ni dawa.

Sasa nielezee kusoma, maana hapa ndipo penye kazi.

Kila mtoto anasoma kwa sauti, mmoja mmoja, na mtu mzima amekaa karibu anasikiliza. Nikiwa na nguo ya haraka mikononi, anayesikiliza ni Bibi. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, enzi zile Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizi macho hayamruhusu kuona maandishi madogo. Basi anakaa na ungo wake wa mchele, anachambua, masikio yako kwa mjukuu.

Juzi wa kati alikuwa na sentensi niliyomwandikia mimi mwenyewe: "Ng'ombe wa babu anang'oa nyasi ngumu." Akasoma "ngombe", kwa sauti ya "ngoma". Bibi akasimamisha mkono kwenye ungo. "Ngombe ndiye nani? Hebu mwite kama unavyomwita ukimwona njiani." Mtoto akamwita vizuri kabisa. "Haya, rudi kwenye karatasi umtafute." Akainama, kidole kinatembea chini ya neno, kikafika kwenye kile kialama cha juu kikasimama. Akasoma tena. Akaruka mpaka "anang'oa", akaipata. Akafika "ngumu", akatazama: kialama hakipo. Akasema, "Mama, kumbe hiki kinapeleka sauti puani!" Miezi yote ile alikuwa anakiona, hakuna aliyekaa naye muda wa kutosha agundue kinafanya nini.

Ndiyo maana nasema na nitarudia: vitabu vikiwa vichache na kiti kikiwa kibovu, mtoto atasoma. Akikosa mtu wa kumsikiliza, atanakili.

Vya kusoma tunavipata popote. Wateja huniletea kanga nizikate na kuzipinda. Kabla sijashika mkasi, mtoto anasoma jina. Wiki iliyopita ilikuja doti ya "Haba na haba hujaza kibaba". Mdogo akauliza kibaba ni nini. Bibi akaingia ndani akatoka na kopo lake la kupimia, akawaeleza kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na zamani mchele na mahindi yalipimwa hivyo sokoni. Somo la hesabu likaanzia hapo, wakapima mchele wote wa ndani. Nusu saa nzima mdogo anamimina tu!

Hesabu nyingine ni ya tepu yangu ya kushonea. Upande mmoja inchi 60, upande wa pili sentimita 150. Mkubwa aliona kitu ambacho mimi, na ufundi wangu wa miaka, sikuwahi kukitazama: namba 150 haifiki mwisho wa tepu sawasawa na 60. Inchi moja ni sentimita 2.54. Akazidisha mara 60 akapata 152.4. Akapima kile kipande kilichobaki na rula: sentimita mbili na nukta kidogo. Alifurahi kama ameokota pesa.

Maktaba ni Jumanne na Alhamisi. Siku hizo hesabu tunaifupisha, saa tatu na nusu tunatoka kabla jua halijawa kali. Mkubwa anapanda baiskeli, sisi wengine bajaji, kwa sababu jua na uchovu havimfai mwenzetu. Tunakwenda Maktaba ya Mkoa, mjini. Wazee wa Tanga wanaijua kwa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza, yule aliyefariki 1952; ilijengwa kwa kumbukumbu yake. Ukiingia kutoka barabarani unakutana na ule utulivu wake, na watoto wangu wenyewe hushusha sauti bila kuambiwa.

Utaratibu wetu ni huu: kila mtoto anachukua kitabu kimoja anachokitaka yeye na kimoja ninachokitaka mimi. Changu wanasoma kwa wajibu, chao wanasoma mpaka giza linaingia. Nimekubali.

Wa kati alisikia habari za silikanti kwa wavuvi, akataka kujua. Kwa asiyejua: ni samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu, kuanzia 2003, wavuvi wa Tanga walianza kuwatoa kwenye jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mtoto akataka kitabu cha samaki. Mhudumu hakumpa. Alimwonyesha namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu: 500 ni sayansi, wanyama wanaanzia 590. "Tafuta 597." Nikamwona mwanangu anatembea kando ya rafu, kidole kwenye migongo ya vitabu kama kilivyokuwa kwenye ng'ombe: 595, wadudu, 598, amepitiliza, ndege, akarudi nyuma. 597. Kile kitabu silikanti hakuwemo, lakini papa na taa walikuwemo, akakaa nao sakafuni. Tukarudi nyumbani anajua kupata kitu mwenyewe bila kumwomba mtu.

Mkubwa ameangukia kwa Shaaban Robert. Kilichomshika kwanza ni kwamba alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Alidhani waandishi wanatoka mbali. Halafu akakuta kwamba yule mzee alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, baba anamfundisha mwanawe kwa shairi. Akaniuliza, "Na mtoto anaweza kumtungia baba?" Nikamwambia ahesabu mizani minane kila kipande, vina vitatu vifanane na cha nne kiwe cha bahari, yaani cha kufungia ubeti, tofauti na hivyo vitatu. Siku tatu anahesabu kwa vidole. Akamwachia baba yake karatasi mezani, siku ya zamu ya usiku:

Baba urudi salama,
Nuru ya mwezi yazama,
Nakusubiri na mama,
Chai tumeifunika.

Baba yake ameikunja, anatembea nayo kwenye pochi.

Mchana ni chakula na kulala. Alasiri wanakwenda chuoni, madrasa, kama watoto wengine wa mtaa, na jioni mpira mpaka magharibi. Usiku nawasomea mimi, dakika ishirini hivi, na hapo hakuna maswali wala kusahihishana.

Karibuni kwa maswali.

mdau_muheza

Dada umeandika kutoka moyoni, hongera sana. Ila nina wasiwasi kidogo upande wa sheria. Mimi nilikuwa nafikiria kumtoa kabisa mwanangu wa darasa la pili, nimsomeshe mwenyewe. Inaruhusiwa? Na mitihani atafanyia wapi?

mwalimu_mstaafu

Mleta uzi, pokea salamu zangu na za Bibi huyo mwenye ungo. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na kisa cha ng'ombe nimekisoma mara mbili.

Kwa mdau wa Muheza: usimtoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikia umri wa miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi, elimu ya lazima ni miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Na mtoto wa msingi anasajiliwa Baraza la Mitihani kupitia shule yake, kuanzia ule upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Ukimtoa, utakuja kubisha hodi wakati wenzake wameshaandikwa majina. Mlango wa kujitegemea upo, lakini uko juu: asiyepita sekondari ya kawaida anafanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huo si wa mtoto wa darasa la pili.

Alichofanya huyu mama ndicho sahihi: amekwenda kwa mwalimu mkuu na karatasi mkononi. Wazazi wengi wa watoto wagonjwa wanaona aibu kusema, mtoto anahesabiwa mtoro.

Jambo moja la ufundi, mama. Huyo wa kati sasa mpe silabi zenye konsonanti tatu: "mbwa", "nywele", "kung'wafua", "chungwa". Wanaokwama kwenye "ng'" hukwama tena hapo. Usimwandikie orodha, mwandikie sentensi kama ile ya ng'ombe, yenye maana na yenye kuchekesha.

MamaWatatu

Shikamoo mwalimu. Nimenakili maneno yote manne, kesho asubuhi yanaingia kazini. Nashukuru sana.

baba_kijana

Mimi sikubaliani na uzi huu wote, na nitasema kwa heshima. Mtoto anajifunza kwa watoto wenzake. Kupanga foleni, kugombana, kupatana, kushindwa mbele za watu. Mtoto wa barazani na bibi yake atakuwa na akili ya vitabu, halafu maisha yatamshinda. Na si kila mama anashinda nyumbani, mke wangu yuko sokoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

MamaWatatu

Kaka yangu, la wenzake umesema kweli na ndilo linaloniumiza mimi pia. Akikaa nyumbani wiki mbili, ananiuliza nani amekaa kwenye dawati lake. Ndiyo sababu akipata nguvu tu namrudisha, hata kama hesabu zetu zinakwenda vizuri. Chuoni na mpira vinasaidia, lakini havitoshi, sikufichi.

La mkeo, nalielewa sana. Mimi kazi inanikuta nyumbani, ni bahati. Kwa aliyeko sokoni nisingemwambia afungue darasa asubuhi. Ningemwomba dakika kumi za usiku, mtoto amsomee wakati anahesabu mauzo. Kweli nimewaona wanawake Makorora pale sokoni, mtoto yuko chini ya meza ya nyanya na kitabu, anasoma, mama anauza na kuitikia.

mkazi_bagamoyo

Nasoma uzi huu tangu asubuhi nasita kuandika. Mimi niko Bagamoyo, naendesha bodaboda. Shule niliishia darasa la nne. Binti yangu yuko darasa la pili na ananizidi kusoma. Akiniletea kitabu nasema nimechoka, na sababu ya kweli ni kwamba naogopa ataniuliza neno nisilolijua. Mtu kama mimi anafanyaje?

MamaWatatu

Kaka wa Bagamoyo, umenigusa. Soma tena pale kwa Bibi. Kitabu hakioni, na ndiye mwalimu bora kuliko mimi. Mimi nikisikia kosa nalisahihisha haraka, mtoto anaendelea bila kufikiri. Bibi hana namna ya kumtajia jibu, kwa hiyo anauliza: "Ndiye nani huyo? Halafu akafanya nini? Mbona hapo sijaelewa?" Mtoto analazimika kurudi kwenye mstari.

Leo usiku mwambie binti yako, "Nisomee, nataka kujua kilichotokea." Akikuuliza neno usilolijua, mwambie hulijui, liandikeni kwenye karatasi, mkaliulize shuleni. Hutapungua machoni pake.

Na wewe uko Bagamoyo! Siku isiyo na abiria mpandishe umpeleke magofu ya Kaole, aone msikiti na makaburi ya tangu karne ya 13, asome vibao. Mpeleke Misheni, wamisionari walifika pale mwaka 1868, kuna makumbusho. Kibao cha makumbusho ni kitabu chenye ukurasa mmoja. Sisi tunakwenda Amboni kwa ajili hiyo hiyo, kuona chokaa ilivyochimbwa na maji ikawa mapango.

mwalimu_mstaafu

Ndugu wa bodaboda, nami naongeza. Katika miaka yangu yote, mtoto aliyenishangaza kwa kusoma alikuwa na baba mvuvi asiyejua herufi. Nilimuuliza mtoto anasoma wapi. Akasema, "Baba akishona nyavu huniambia, haya mwanangu, leo nitolee hadithi."

mdau_muheza

Nimeelewa, simtoi. Vitabu vya kiada je? Vya shuleni wanagawana.

MamaWatatu

Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada viko pale unavisoma kwenye simu bure, bando tu. Mimi nafungua ukurasa mmoja, nanakili zoezi kwenye daftari, simu nazima. Ukimwachia simu kitabu kinageuka katuni.

Na huko Muheza mnapita kwenye mashamba ya mkonge kila siku. Mpe hesabu hii: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62. Ni asilimia ngapi? Mkubwa wangu alipopata 6.2 alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ina maana mkonge wote huu ulianzia kwenye miche 62?" Tukashuka kwenye basi tunahesabu mistari ya shamba.

mkazi_bagamoyo

Nimerudi. Jana usiku alinisomea hadithi ya sungura na fisi. Alikwama mara mbili, nikamuuliza kama Bibi. Neno moja hatukulijua wote wawili, tumeliandika kwenye boksi la sabuni. Alilala kwenye mkeka pembeni yangu.

MamaWatatu

Alhamdulillah. Kaka, tuambie hilo neno mkilipata.

Kwetu, wa kati alikuwa na homa tangu Jumamosi, darasa limefungwa siku tatu, anakunywa maji na kulala. Leo ameamka amechangamka. Mwalimu, "kung'wafua" ameipita, "nywele" imemsumbua, tunayo bado. Kesho Jumanne tunarudisha vitabu vitatu. Tangu tulipotoka Amboni anataka kujua popo anayeruka anawekwaje na wanyama wanaonyonyesha. Ameshajiandikia namba kwenye kipande cha karatasi ya mtindo wa gauni, akakibandika kwenye chupa yake ya maji asisahau: 599.